"Ni Ile Ile, Mzee": Ngozi ya Dawa za Nano na Swali Tusilouliza

Mwaka jana shemeji yangu alilazwa katika hospitali moja hapa Dodoma, mimba ya miezi saba, damu imeshuka hadi sita. Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vimemshinda, kila akimeza anatapika, hivyo daktari akaamua apewe madini ya chuma kwa dripu. Aliyewahi kuiona dripu hiyo haisahau: maji yake ni ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea majani. Muuguzi huvunja shingo ya kichupa cha kioo, akaivuta dawa kwa bomba la sindano, akaichanganya na maji ya chumvi, kisha akaifungulia taratibu huku akitazama saa. Dozi ya kwanza ilitoka kwenye boksi la bluu. Siku ya tatu nilipokwenda kumjulia hali, mezani palikuwa na boksi jeupe lenye mstari wa kijani. Jina la dawa lile lile, mtengenezaji mwingine, nchi nyingine. Nikauliza kama hiyo ni dawa ya juzi. "Ni ile ile, mzee," akanijibu muuguzi bila kuacha kazi yake, "kampuni tu ndiyo imebadilika."

Kwa mafunzo aliyopewa, alisema kweli. Parasetamoli ni parasetamoli, iwe imetoka India, Kenya au Keko. Molekuli ni moja na mwili hauulizi ilizaliwa wapi. Lakini dripu ile ya kahawia ni kitu kingine. Ndani yake mna chembe ambazo upana wake hauzidi nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita; unywele wa mtu una nanomita kama 80,000), na kila chembe ina kiini cha chuma kilichovikwa koti la sukari. Ni dawa ya nano, ingawa hakuna mtu wodini anayeiita hivyo. Na hoja yangu katika makala haya ni kwamba kinachoifanya dawa ya nano iwe dawa ni uso wake, yaani kile kilichopakwa au kubandikwa juu ya ngozi ya chembe, kuliko hata udogo wake na wakati mwingine kuliko hata kilichomo ndani. Uso huo haumo kwenye jina la dawa. Kwa hiyo nchi inayonunua dawa hizi kwa jina na bei peke yake inanunua kitu ambacho nusu yake haijakiona.

Mjadala wetu, kwa bahati mbaya, uko kwingine. Kwenye makundi ya WhatsApp nano ina sura mbili tu. Ya kwanza ni muujiza: sauti zinazosambazwa kwamba vimashine vidogo vitaingia mwilini, vitaitafuta saratani vyenyewe na kuiacha nywele ya mgonjwa kichwani. Ya pili ni chipu: tunawekewa vitu mwilini ili tufuatiliwe. Kati ya sura hizo mbili wamepenya wauza virutubisho wenye neno "nano" kwenye kopo. Sasa, wakati sisi tunagombana na ndoto hizo, dawa za nano zenyewe zinaingia nchini kimya kimya kama dawa yoyote ya jeneriki, yaani nakala ya dawa iliyobuniwa na kampuni nyingine, kwa sababu hataza (haki za pekee za kutengeneza) za zile za mwanzo zimeisha na viwanda vya Asia vimejifunza kuzitengeneza kwa bei nafuu. Hilo ni jambo jema. Ni jambo jema ambalo halijaeleweka.

Twende kwanza zahanati, maana huko nano ilishaingia kabla hatujaanza kubishana. Mtoto ana homa, anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, dakika 15 au 20 zinapita, mistari miwili myekundu inatokea. Wekundu ule ni wa dhahabu. Dhahabu ikisagika kufikia makumi ya nanomita haing'ai tena njano, inakuwa nyekundu kama divai, jambo ambalo Michael Faraday alilieleza London mwaka 1857. Lakini dhahabu tupu haijui malaria. Ikikutana na chumvi iliyomo kwenye damu ingegandana, ikageuka ya bluu na kuwa takataka. Kinachoiwezesha kufanya kazi ni kwamba kila chembe imevishwa kingamwili, protini zenye umbo la kushika protini fulani ya kimelea cha malaria na si nyingine. Chembe zikiikamata, zinatembea na maji juu ya karatasi mpaka kwenye mstari na kunaswa hapo kwa maelfu, mpaka jicho linaona rangi. Ndiyo maana pakiti imeandikwa joto la mwisho la kuhifadhia, nyuzi 30 kwa baadhi, 40 kwa nyingine. Dhahabu haiogopi joto la Oktoba chini ya bati la zahanati ya Bahi. Kinachoharibika ni ngozi.

Kwa nini uso uwe na nguvu kiasi hicho? Hesabu yake ni ya darasa la saba. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimita 1. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, ukubwa wa stempu ya barua. Ukate vipande vya nanomita 10 kila upande. Uzito haujabadilika, mali ni ile ile, lakini uso umefika mita za mraba 600. Hapa Dodoma, mji ambao hata watoto wanajua bei za viwanja, sina haja ya kueleza mita za mraba 600 ni nini. Kiwanja kizima kimefichwa ndani ya kitu cha kukaa kwenye ncha ya kidole, na kila mita ya kiwanja hicho inagusana na damu. Kitu cha namna hiyo hakina "ndani" kubwa ya kujivunia. Karibu chote ni nje. Mkulima wa zabibu wa Hombolo anaijua kanuni hii bila maabara. Ule unga mweupe juu ya ngozi ya zabibu, ambao watu wa mjini hudhani ni dawa iliyobaki, ni nta ya tunda lenyewe, na kwa sababu yake tone la maji linateleza na kuanguka. Akitaka dawa ya ukungu ishike, inabidi achanganye na kitu cha kunatisha, la sivyo amenyunyizia ardhi. Dawa ni nzuri, pampu ni nzima, uso umekataa.

Ndani ya damu mambo ni magumu zaidi kwa sababu humo wanaokataa ni askari wa kinga ya mwili. Chembe yoyote ngeni ikiingia kwenye mshipa, protini za damu huirukia na kuipaka alama, kama ile X nyekundu ambayo watu wa barabara huchora kwenye ukuta wa nyumba iliyoko ndani ya hifadhi ya barabara. Ukishaona X, unajua tingatinga linakuja. Katika mwili tingatinga ni seli kubwa za kinga zilizojipanga kwenye ini na wengu, na kazi yao ni kumeza kila chenye alama, mara nyingi kwa dakika chache. Liposomu, vile viputo vya mafuta ambavyo Alec Bangham wa Uingereza alivitambua miaka ya 1960, zilihesabiwa mapema kuwa magari mazuri ya kubebea dawa, kisha zikaishia kwenye ini kwa miaka mingi. Zilichokosa ni vazi. Vazi likapatikana kwenye polietilini glaikoli, PEG kwa kifupi, nyuzi laini zinazopenda maji kiasi kwamba zinajizungushia blanketi la maji na protini zinakosa pa kushika. Ni kemikali isiyo na makuu, imo kwenye krimu za ngozi na dawa za kulainisha choo. Ikapandwa juu ya liposomu iliyobeba doksorubisini, dawa ya saratani, na mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha Doxil, dawa ya kwanza ya nano ya aina hiyo. Ugonjwa ulioiidhinishia ulikuwa Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI, saratani yenye mabaka ya zambarau ambayo Afrika Mashariki iliifahamu hata kabla ya UKIMWI wenyewe. Wagonjwa wetu walikuwa nayo kwa wingi. Dawa ilikuwa ya wengine.

Doxil inafundisha jambo ambalo wapiga debe wa nano hawalisemi. Doksorubisini ya kawaida huumiza moyo. Ilipovaa ngozi ya PEG ikaacha kuusumbua moyo kwa kiasi kile, kwa sababu kiputo hakipenyi kirahisi kwenye mishipa mizima ya moyo, na ikazunguka kwenye damu kwa siku badala ya kutoweka mapema. Lakini kitu kinachozunguka kwa siku nyingi lazima kivujie mahali, na hiki kikavujia kwenye viganja na nyayo: ngozi inakuwa nyekundu, inauma, inabanduka. Ndani ya kiputo mna dawa ile ile. Kubadilisha uso kulihamisha faida na kukahamisha madhara pia.

Sasa linganisha na dripu ya shemeji yangu. Doxil inavaa ili isikamatwe. Chembe ya chuma inavaa ili ikamatwe vizuri. Zile seli za ini na wengu ndizo zinazotakiwa kuimeza, kuivua koti la sukari polepole, kisha kuachia chuma kwa kipimo mwili unachoweza kukibeba. Koti likiwa legevu, chuma kinamwagika kwenye damu kikiwa huru, na chuma huru ni sumu: kinachoma mishipa, kinashusha presha. Koti likiwa la aina isiyofaa, kinga inafura. Historia ya dripu za chuma ni karibu yote historia ya makoti. Ile ya zamani iliyovikwa dekstrani ilijulikana kwa mzio wa kuua, mpaka ikalazimu kumpa mgonjwa kiasi kidogo kwanza cha kumjaribu. Ferumoxytol, ambayo koti lake ni la jamii hiyo hiyo ya sukari iliyofanyiwa marekebisho, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009, na kufikia 2015 ikawekewa onyo kali kuliko yote kwa sababu ya vifo vya mzio. Chuma ni kile ambacho kila mtu anacho katika damu yake. Tofauti ilikuwa vazi.

Na vazi lenyewe halibaki jinsi lilivyotoka kiwandani. Chembe ikishaingia kwenye damu inapewa jina la utani. Protini zinazoizunguka zinajipanga juu yake kama taji, na kuanzia hapo seli hazioni tena uso alioubuni mkemia, zinaona taji. Kwa muda mrefu hili lilihesabiwa kero. Waliotengeneza Onpattro, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya fahamu iliyoidhinishwa mwaka 2018, waligeuza kero kuwa nyenzo: chembe zao za mafuta huvua PEG zikiwa ndani ya damu, zikavaa protini moja ambayo kazi yake ya kila siku ni kusindikiza mafuta kwenda kwenye ini, na ini likazifungulia mlango likidhani ni mgeni wa kawaida. Akili iliyotumika hapo ni ya kumjua mtu wa mtaani, anaitwaje na anapita mlango gani.

Nikishafika hapa, matumaini ya wale wa "vimashine vinavyotafuta saratani" yanahitaji jibu, na naomba nisiwafanye wajinga, kwa sababu wazo lao ni la wanasayansi wakubwa. Ikiwa unaweza kubandika kingamwili kwenye dhahabu ikaitambua malaria juu ya karatasi, kwa nini usibandike kingamwili kwenye dawa ikaitambua saratani ndani ya mwili? Imejaribiwa mara nyingi. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 10 za wanyama wa maabara na kukuta kwamba katika kila dozi ya chembe za nano iliyochomwa, kiasi cha katikati kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7. Kwa kila chembe 1,000 zilizotumwa, saba zilifika. Mwaka huo huo kampuni ya BIND Therapeutics, iliyokuwa imebandika anwani ya seli za saratani ya tezi dume juu ya chembe zake, iliomba kinga ya mufilisi, na jaribio kubwa la MM-302, liposomu yenye kingamwili dhidi ya saratani ya matiti, likasimamishwa. Tofauti ya karatasi na mwili iko wazi ukishaelewa habari ya taji: kwenye karatasi hakuna anayeifunika anwani. Ndani ya mwili protini zinalala juu yake, na kadiri uso unavyojaa vitu vya kunasia ndivyo askari wa ini wanavyouona haraka. Dawa za nano zilizokaa hospitalini miongo miwili au mitatu zina nyuso rahisi. Anayekuuzia kopo la "nano" linaloijua saratani kwa jina anakuuzia kitu ambacho maabara tajiri za dunia zimehangaika nacho na nyingi zikakiacha.

Kwa upande wa hofu, hoja ya chipu ndiyo dhaifu kuliko zote na sitaikalia. Chanjo ya UVIKO iliyozinduliwa nchini Julai 2021 ilikuwa ya Janssen, ambayo haikutumia kabisa chembe za mafuta za nano kama zile za Pfizer na Moderna, lakini uvumi haukungoja kujua hilo. Chembe ya nanomita 100 haina nafasi ya betri wala antena. Ni mafuta au ni chuma au ni protini. Ila nyuma ya uvumi huo kuna hofu ya maana ambayo tumeiacha ikafunikwa na upuuzi. PEG iliyosifiwa kwa kujificha imeanza kutambulika. Kwa kuwa imejaa kwenye vipodozi na dawa, baadhi ya watu tayari wana kingamwili dhidi yake kabla hawajachomwa dawa yoyote ya nano, na dozi ya pili inaweza kufagiliwa haraka kuliko ya kwanza, au kuamsha mzio. Vazi la kujifichia likivaliwa na kila mtu linakuwa sare, na askari wanaijua sare. Watafiti sasa wanatafuta mavazi mengine. Mtu anayeniuliza "je, ni salama?" anastahili jibu kwamba inategemea uso upi, kwa ugonjwa upi, mara ngapi. Anayemjibu "ni salama kabisa" na anayemjibu "ni sumu" wote wamekwepa swali.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya tatu, ile inayosemwa na watu wenye uzoefu wa wodini: hizi si saizi yetu. Kituo hakina glavu, mashine ya oksijeni inasubiri fundi, wewe unatuletea nano. Nimeisikia kwa daktari mmoja wa Singida, mtu mwenye kazi nyingi kuliko muda, na sikuwa na la kumjibu papo hapo. Jibu nililopata baadaye linatoka kwenye ugonjwa anaouona yeye kila mwezi, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi kwa watu wenye VVU. Dawa yake ya zamani, amfoterisini ya kawaida, hupewa kwa dripu siku baada ya siku, mgonjwa akitetemeka kwa homa ya dawa yenyewe, figo zikiathirika, potasiamu ikishuka, na kila siku damu ipelekwe maabara. Ikifungwa ndani ya liposomu ndogo yenye ngozi imara, hali inabadilika. Jaribio la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kwa wagonjwa zaidi ya 800, lililinganisha dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya liposomu, ikisindikizwa na vidonge vya wiki mbili, na tiba ya kawaida ya wakati huo yenye dripu za wiki nzima. Matokeo yalichapishwa 2022. Kufikia wiki ya 10 waliofariki walikuwa asilimia 24.8 kwa dozi moja na asilimia 28.7 kwa dripu za kila siku, na madhara makali yakapungua kutoka asilimia 62.3 hadi 50. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo. Dripu moja badala ya saba, katika wodi yenye wauguzi wawili usiku: hiyo ni saizi ya nani kama si ya kwetu? Dawa tata kiwandani inaweza kuwa dawa rahisi kitandani.

Kikwazo ni bei. Mtengenezaji Gilead alitangaza mwaka 2018 kwamba nchi 116 za kipato cha chini na cha kati zingepata kichupa cha miligramu 50 kwa dola 16.25. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji vichupa 10 kwa dozi ile moja, yaani dola 162.50 kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo hatuna njia isipokuwa jeneriki, na nchi yoyote yenye akili itazikimbilia. Hapo ndipo tunarudi kwenye meza ya shemeji yangu na maboksi mawili.

Nakala ya parasetamoli ni rahisi kuithibitisha: molekuli ni hiyo, inaingia kwenye damu kwa kasi hiyo, basi. Nakala ya chembe ya nano inaweza kuwa na dawa ile ile kwa miligramu zile zile, ikatofautiana kwa unene wa koti, chaji ya umeme ya uso, wingi wa nyuzi za PEG, au kasi ya kuvuja, na mambo hayo yanatokana na jinsi kiwanda kinavyochanganya, kinavyopasha joto na kinavyochuja. Inawezekana kuifanya vizuri. Doxil ilipoadimika Marekani, mwaka 2012 mamlaka yao iliruhusu nakala ya Sun Pharma ya India iingizwe kwa dharura, na mwaka 2013 ikaidhinisha jeneriki ya kampuni hiyo hiyo baada ya kuichunguza. Kwa hiyo anayesema nakala za Asia ni feki kwa asili yake anasema asilolijua. Lakini inawezekana pia kuteleza. Nchini Ufaransa, wagonjwa 75 wa kusafishwa damu kwa ajili ya figo walihamishwa kutoka dripu ya chuma ya kampuni iliyoibuni kwenda nakala yake, na taarifa iliyochapishwa 2011 ilisema hemoglobini yao, kile kipimo cha wingi wa damu, ilishuka huku matumizi ya chuma na ya dawa ya kuchochea damu yakipanda. Utafiti wenyewe ni mdogo na haukuwa na kundi la kulinganishia, siwezi kuujengea nyumba. Ila swali lenyewe wenye mamlaka wanaliuliza: mwaka 2013 Mamlaka ya Dawa ya Ulaya ilitoa waraka unaohusu makoti ya chembe za nano za kuchomwa peke yake, na mwaka 2018 ile ya Marekani ikatoa mwongozo wake kuhusu liposomu. Wote wawili wanauliza watengenezaji maswali ya ngozi.

Rafiki yangu mfamasia ananipinga hapa kwa hoja nzito. Anasema ukidai vipimo vya uso kwa kila nakala, kampuni mbili kati ya tatu zitajitoa kwenye zabuni, bei itapanda, na mama mjamzito mwenye damu sita atakosa dripu yoyote, yenye koti zuri au baya. Ana haki ya kuogopa. Masharti yasiyobebeka huua watu kimya kimya, na hakuna anayewaandikia taarifa. Ila hoja yake inachanganya vitu viwili, kudai vipimo na kufanya vipimo. Mtengenezaji makini wa chembe za nano tayari anapima ukubwa, chaji na uvujaji kwa kila toleo, yaani kila mkupuo wa dawa unaotoka kiwandani, kwa sababu asipopima hawezi kujua kama toleo la leo linafanana na la jana. Tunachohitaji ni kuomba karatasi hizo na kuwa na mtu wa kuzisoma akatambua kinachokosekana. Anayeshindwa kuzitoa ametuambia jambo muhimu bure.

Na hapa nchi yetu haianzii sifuri. Mamlaka ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA na tangu 2019 TMDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu kati ya nne katika vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani hupimia mamlaka za dawa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kiko kilima kimoja na Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako figo zinapandikizwa tangu 2018 na ambako wagonjwa wa figo, watumiaji wakubwa wa dripu za chuma duniani kote, wanatibiwa. Kemia ya uso wa chembe inafanyika nchini pia: Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia nyenzo za nano zinazorekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika, floridi hapa, bakteria kule. Sidai kwamba anayeweza kuchuja maji anaweza kesho kutengeneza liposomu ya kuchoma kwenye mshipa. Chujio likikosea unabadilisha chujio. Nadai kwamba maarifa ya kusoma uso yapo, na kwamba mashine ya kupima ukubwa wa chembe kwa mwanga wa leza hukaa juu ya meza ya kawaida. Wanaotaka tuanze na kiwanda cha dawa za nano, na wapo, wameanzia paa. Kijana wa kemia anayeweza kufungua makabrasha ya zabuni na kuuliza "koti hili lina unene gani na mlipimaje?" ni rahisi kumpata kuliko kiwanda, na kiwanda kikija kitamhitaji yeye kwanza.

Kuna kingine cha bei ndogo zaidi, nacho ni kalamu. Shemeji alitoka hospitalini damu ikiwa tisa, akajifungua salama, na mtoto sasa anatambaa na kula udongo kama watoto wote. Mwezi uliopita nilimwomba kadi yake ya kliniki kwa ajili ya makala haya. Upande wa ndani kuna mistari miwili ya dripu ya chuma: tarehe, jina la dawa, miligramu, sahihi. Boksi la bluu na boksi jeupe limekuwa neno moja kwa mwandiko mmoja. Mtengenezaji hakuandikwa, namba ya toleo haikuandikwa. Kama usiku ule presha yake ingeanguka baada ya dozi ya pili, daktari angefungua kadi hii kutafuta kilichobadilika, na kadi ingemjibu kama muuguzi alivyonijibu mimi.